Usiniambie imegoma, niambie imegomea wapi

Mstari wa bluu ulifika asilimia 63 ukasimama. Feni ya laptopu iliendelea kulia, dakika kwenye kona ya kioo ziliendelea kuhesabika, namba ikabaki ile ile. Kisha kikachomoza kisanduku cha kijivu chenye maneno ya Kiingereza yasiyoeleweka, na dogo akakifunga haraka kama mtu aliyeshakizoea.

"Umeona bro? Hapo hapo tena."

Tulikuwa kwenye chumba chake cha kazi, ghorofani, karibu na Double Road, hapa Moshi. Dogo ni mpiga video wa harusi, na mstari ule ulikuwa wa kurenda: programu ya kuhariri inakusanya klipu zote na kutoa faili moja la video iliyokamilika. Ilikuwa Januari. Harusi ilikuwa ya Kibosho, imefungwa wiki ya Krismasi, ule wakati ambao kila Mchaga aliyeko Dar na Mwanza yuko nyumbani na kumbi zimejaa. Mama wa bwana harusi alipiga simu nikiwepo. Nikamsikia dogo: "Shikamoo mama. Ndiyo mama, iko kwenye hatua ya mwisho kabisa."

Hakudanganya. Ilikuwa kwenye hatua ya mwisho tangu wiki iliyopita.

Dawa alishapewa za kutosha. Mmoja alimwambia aifute programu aiweke upya, akafanya. Mwingine akasema toleo jipya ndilo bovu, arudi la zamani, akarudi. Mwingine: ongeza ramu. Fundi mmoja wa mjini akamalizia kabisa: mashine imechoka, tafuta nyingine. Dogo alikuwa ameshaanza kuulizia bei ya lenzi yake, ile inayomlisha, aiuze apate pa kuanzia.

Nikamuuliza, "Asilimia 63 ni wapi kwenye harusi?"

"Wapi kivipi?"

"Ni tukio gani? Kanisani? Ukumbini? Wanakata ndafu?"

Hakujua. Katika wote waliompa dawa, hakuna aliyekuwa amemuuliza.

## Baba mdogo wa Marekani

Video ilikuwa ya saa 1 na dakika 40, kwa hiyo hesabu haikututoa jasho: dakika ya 63, au jirani yake. Tukasogeza taimulaini, ule mstari wa programu ya kuhariri ambako klipu zimepangwa kwa mfuatano, hadi pale. Tukakuta salamu za baba mdogo wa bwana harusi, anayeishi Marekani. Alijirekodi kwa simu akiwa kwenye gari, akamtumia dada yake kwa WhatsApp, dada akamtumia mwenyekiti wa kamati, mwenyekiti akamtumia dogo.

Tulirenda kipande kidogo tu, kuanzia kabla ya salamu hadi baada yake. Kikakwama. Tukaizima ile klipu, tukarenda kipande kile kile. Kikapita. Tukaichukua klipu, tukaipitisha HandBrake, programu ya kubadilishia video, itoke upya ikiwa na fremu (zile picha moja moja zinazojenga video) zinazolingana kila sekunde, tukairudisha mahali pake. Kikapita tena, na baba mdogo akiwemo anaongea.

Tukaiacha video nzima ijirende, tukaenda kunywa mtori. Hadi usiku ilikuwa imetoka.

Hadithi ingeishia hapo, na isingekuwa na sababu ya kuandikwa. Kilichonikaa kichwani wiki hizi zote ni ujumbe ambao dogo aliutuma usiku ule kwenye kundi letu la wapiga video: "Wakuu, dawa ya kukwama imepatikana. Toeni klipu zote za WhatsApp."

Gumba juu zikamiminika.

## Dawa mpya kwenye kabati la zamani

Nilitaka kuandika kitu chini yake, nikaacha. Alikuwa na furaha, na alichosema hakikuwa uongo. Kwake ilikuwa klipu ya WhatsApp. Ila niliona kabisa kinachofuata.

Haikuchukua muda. Jamaa mmoja wa Himo akanipigia. Amekuta ushauri kwenye kundi, ametoa klipu zote za simu, zikiwemo za watoto wa shule waliomwimbia bibi harusi, na bado inagoma. "Sasa nitoe nini tena kaka?"

Hilo swali lilinikera, na si kwa sababu yake. Mtu anafika hatua ya kupunguza harusi ya watu kipande kwa kipande ili mashine imhurumie, kwa sababu dawa iliyomfaa mwenzake haikumfaa yeye. Tulikuwa na "weka upya", "rudi toleo la zamani", "ongeza ramu". Sasa tumeongeza "toa za WhatsApp". Kabati limejaa na mgonjwa hajapimwa.

Nikamuuliza wa Himo: inagomea wapi?

## Mbona inacheza vizuri?

Kabla ya Himo, hili kwanza, maana ndilo linalowachanganya wengi. Klipu ya baba mdogo ilikuwa inacheza vizuri tu kwenye taimulaini. Dogo alishaitazama, akaikata, akaiwekea jina chini. Inawezekanaje kitu kicheze halafu kikatae kutoka?

Unapotazama kwenye taimulaini, programu kazi yake ni kukuridhisha macho. Fremu ikichelewa, inaruka. Ikikuta iliyoharibika, inaonyesha ya nyuma yake kwa muda mdogo usioutambua. Mara nyingi pia unatazama kwa ubora wa nusu au robo, na huenda hujawahi kuicheza video nzima tangu mwanzo hadi mwisho bila kusimama. Kurenda ni konda: lazima afike kwa kila abiria kwenye kila siti, na akikuta mmoja hana nauli gari halitoki.

Kuna na suala la namna video zenyewe zilivyofungwa. H.264, iliyowekwa kuwa kiwango mwaka 2003 na ambayo mpaka leo ndiyo tunayoikuta karibu kila mahali, haihifadhi kila fremu kwa ukamilifu. Inahifadhi moja kamili, kisha zinazofuata zinaandikwa kama tofauti tu: hapa mkono umesogea, pale shela imepepea. Mrithi wake H.265, wa mwaka 2013, anafanya hivyo hivyo kwa ukali zaidi. Ndiyo maana saa nzima inaingia kwenye simu. Na ndiyo maana fremu moja ikiharibika, zinazoitegemea zinaharibika nayo mpaka ifike nyingine kamili.

Halafu simu. Kamera ya dogo ikiambiwa fremu 25 kwa sekunde, inatoa 25. Simu nyingi hazina nidhamu hiyo. Mwanga ukipungua au simu ikipata moto, zinashuka, kisha zinapanda tena, ndani ya klipu hiyo hiyo. Programu ya kuhariri iliyopangwa kwa 25 inabaki inakisia. Ikikisia vibaya kidogo, midomo inaachana na sauti. Ikikisia vibaya zaidi, unapata kisanduku cha kijivu.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "tatizo la kurenda", mara nyingi tatizo halikuzaliwa kwenye kurenda. Kurenda ndiyo mara ya kwanza mashine kulazimishwa kusoma kila kitu ulichokipokea, na ulivyovipokea vimepitia mikono ya watu wengi.

(Wapo hata wanaoilaumu rendi kwa mistari myeusi inayopanda na kushuka kwenye picha za ukumbini. Hiyo ilizaliwa ukumbini. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, na mpiga picha aliacha shata, ule muda wa kila picha kupokea mwanga, kwenye 1/60 ya sekunde. Weka 1/50 utaniambia.)

## Himo

Wa Himo alinijibu vizuri: inagomea kwenye dakika ya 35, kila mara, sekunde zinatofautiana kidogo tu. Video yake ni ya saa moja.

Mahali pale pale kila mara. Mimi mwenyewe ningekuambia bila kusita: hiyo ni klipu. Tukaangalia dakika ya 35. Kulikuwa na kamera yake mwenyewe, watu wanacheza. Tukarenda dakika tatu za pale peke yake.

Zikapita.

Hapo nilinyamaza kwenye simu. Sehemu inayokwama, ukiitoa peke yake inapita. Maana yake ubaya hauko pale. Kipo kitu kinachokua tangu mwanzo na kinapofika pale kinajaa.

Nikamwambia afungue folda anakotolea, aangalie lile faili lililobaki nusu lina ukubwa gani. GB 4, pungufu kidogo. La jana yake je, alikuwa hajalifuta? GB 4, pungufu kidogo.

Alikuwa anatolea moja kwa moja kwenye eksteno, diski ya nje, aliyoazimwa na shemeji yake, na ile eksteno iliwekwa mfumo wa kupanga faili uitwao FAT32 ili isomeke kwenye televisheni. FAT32 ilikuja mwaka 1996 na toleo la pili la Windows 95, na haipokei faili moja linalofika GB 4, hata kama diski ina nafasi ya kulaza mji mzima. Yeye alikuwa ameweka video itoke kwa megabiti 16 kwa sekunde. Gawanya kwa 8, ni megabaiti 2 kila sekunde, na kwa mwendo huo unaufikia ukuta kwenye dakika ya 35 na kitu. Alipotoa klipu za watoto, video ilifupika, ila ukuta haukusogea, ndiyo maana bado iligoma dakika ile ile kwenye sehemu nyingine ya sherehe.

Akatolea kwenye diski ya ndani ya laptopu. Ikaisha.

Watoto wakarudishwa kwenye harusi.

## Kukata katikati

Kilichotusaidia Kibosho na Himo ni kitu kimoja, na kukifanya hakuhitaji kujua neno lolote kati ya hayo ya juu.

Weka alama ya mwanzo na ya mwisho, renda nusu ya kwanza peke yake. Ikipita, ubaya uko nusu ya pili, au uko kwenye urefu wenyewe. Chukua nusu yenye ubaya, ikate katikati tena. Video ya dakika 100 inakuwa 50, 25, kumi na mbili na nusu, sita, tatu. Mikato mitano na uko ndani ya dakika tatu. Ukiongeza mmoja uko ndani ya dakika moja na nusu, na hapo klipu zinahesabika kwa vidole.

Nusu zote mbili zikipita, umejifunza jambo kubwa zaidi. Hakuna klipu mbovu. Angalia diski ina nafasi kiasi gani, faili linafikia ukubwa gani, ramu inajaaje.

Na ikigomea sehemu tofauti kila mara, leo asilimia 20, jana 71, usipoteze muda na klipu kabisa. Klipu haihami. Kinachohama ni joto, umeme, kumbukumbu ya kadi ya grafiki. Januari na Februari Moshi hazina huruma, na laptopu iliyowekwa juu ya kitambaa cha meza, feni imekaba vumbi la barabara ya Majengo, inapanda. Prosesa nyingi zikikaribia nyuzi 100 zinapunguza mwendo zenyewe, na zikizidi mashine inazimika. Inyanyue, ielekezee feni ya mezani, renda ile ile bila kugusa kitu kingine. Ikipita umeshapata jibu, na limegharimu vitabu viwili vya kuinyanyulia.

Bila kugusa kitu kingine. Hapo ndipo watu wananipotezea. Anabadilisha kodeki (namna ya kufunga video), anazima kadi ya grafiki, anafuta faili za muda, anahamisha diski, vyote kwa mkupuo. Ikipita, hajui ni kipi. Kesho ikigoma, anarudia vyote vinne kama kanuni ya ibada, na cha tano kinachotakiwa hakimo.

Lakini nimeacha kuwacheka, na sababu ni saa.

Kwenye laptopu ya dogo, rendi moja ya harusi nzima inakula zaidi ya muda wa harusi yenyewe. Jaribio moja ni nusu siku. Ukiwa na nusu siku kwa kila jaribio na mama wa Kibosho anapiga simu, utajaribu kimoja kimoja? Utamwaga dawa zote kwa pamoja na kuomba Mungu. Mtu anayefanya hivyo si mjinga. Jaribio lake ni ghali mno, na hajaambiwa kwamba jaribio linaweza kuwa la dakika tatu.

Hapo ndipo mawazo yangu yalipogeuka. Nilikuwa nimeanza kuandika makala ya kulalamikia uvivu wa kufikiri. Nikaifuta.

## Umeme

Kuna kukwama kwingine hakuna mjadala. Umeme unakatika rendi ikiwa asilimia 94, betri ya laptopu iliyozeeka inashikilia dakika chache, giza. Unarudi unakuta faili lina GB 5 kamili, unalibofya, halifunguki.

GB zote hizo zimo ndani, picha zimo. Kisichokuwemo ni faharasa. Faili la MP4 kwa kawaida huandikiwa faharasa yake mwishoni kabisa, pale programu inapolifunga: fremu fulani iko wapi, sauti inaanzia wapi. Mwisho usipofika, faharasa haipo, na kicheza video hakijui pa kuanzia. Kamera inafanya hivyo hivyo ukichomoa betri kabla haijafunga faili, na huko kuna hatari zaidi kwa sababu harusi hairudiwi. Zipo programu, mfano untrunc, zinazoweza kuijenga faharasa upya kwa kutazama faili zima lililotoka kwenye kamera ile ile kwa mipangilio ile ile. Kwa hiyo ukipata klipu isiyofunguka, usifute kadi.

Kwa upande wa rendi, ninachofanya ni kutoa harusi kwa matukio. Kanisani peke yake, ukumbini peke yake, zawadi peke yake, kisha kuviunganisha. Umeme ukikata, unakula tukio moja.

## Mzee wa Ngarenaro

Nilikwenda Arusha kwa shughuli nyingine, nikapitia Ngarenaro kwa mzee mmoja ambaye kila mtu kwenye kazi hii kaskazini anamfahamu. Alianza enzi za VHS. Nilitaka kumsimulia habari yangu ya kukata katikati. Nadhani nilitaka anisifu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kaa hapo, usikanyage waya."

Akanisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiwa kwenye kibodi. Kisha akasema, "Mimi kujua kwa nini sina muda nako. Jumamosi nina harusi nyingine."

Na ukutani alikuwa na karatasi ya dawa, imeandikwa kwa kalamu ya wino, imefifia. Zima washa. Futa faili za muda. Hamisha diski. Kila kitu ninachokipinga.

Tatizo langu ni kwamba mzee huyu hakwami. Nimeuliza watu. Anatoa kazi siku aliyoahidi, mwaka hadi mwaka, kwa mashine ambayo si bora kuliko ya dogo. Nikakaa pale mchana ule nikimtazama, nikiwa na shaka kwamba falsafa yangu yote ya "imegomea wapi" ni starehe ya mtu asiye na harusi Jumamosi.

Mpaka alipoingia kijana na flashi ya kamati. Mzee akaichomeka. Kwenye kompyuta yake kila harusi ina folda mbili. Moja imeandikwa ZETU. Nyingine imeandikwa ZA WATU. Klipu za kwenye flashi zikaingia ZA WATU, na kabla hajazitazama hata moja akaziburuta zote kwenye programu ya kubadilishia. Zikatoka nyingine, zote za fremu 25, zote za ProRes, namna ya Apple ya kufunga video, ndipo zikaingia kwenye kazi. Hakuna kitu kutoka ZA WATU kinachogusa taimulaini yake kikiwa kibichi.

Kwenye ProRes kila fremu imehifadhiwa kamili, haitegemei jirani. Inakula nafasi kwelikweli: kwa picha ya 1080 yenye fremu 25, ProRes ya kawaida, iitwayo 422, inachukua takribani megabiti 122 kwa sekunde, yaani kama GB 55 kwa saa. Ukisema ubadilishe na za kwako, kamera 3 zilizorekodi saa 6 kila moja, umeshakaribia terabaiti nzima kwa harusi moja. Ndiyo maana anabadilisha za watu tu. Za kwake anaziamini.

"Mzee, hiyo ulifundishwa na nani?"

"Hakuna aliyenifundisha. Kuna mwaka nililia."

Hakuendelea, nami sikumchimba. Ila nilirudi Moshi na shaka tofauti na niliyokwenda nayo. Ile karatasi ya ukutani haifanyi kazi yoyote. Sijui hata kama anaisoma. Kinachomwokoa ni folda mbili ambazo hazimo kwenye karatasi, na angeulizwa kwenye kundi siri yake ni nini, angetaja karatasi.

## Kupima mlangoni

Tangu Arusha, nami nina ZA WATU yangu. Na kwa kuwa diski yangu ni ndogo kuliko ya mzee, ninapima kwanza, ninabadilisha zenye ugonjwa tu. Ukiwa na FFmpeg, programu ya kusoma na kubadilisha video kwa amri za maandishi, kwenye mashine, amri hii inasoma klipu kuanzia fremu ya kwanza hadi ya mwisho bila kutoa video yoyote, na inakuandikia makosa tu:

ffmpeg -v error -i klipu.mp4 -f null -

Ikinyamaza, klipu inasomeka mwanzo hadi mwisho. Ikitapika mistari, umemjua abiria asiye na nauli kabla gari halijaondoka. Haikuambii kuhusu fremu zisizolingana, kwa hiyo za simu ninazipitisha HandBrake hata zikinyamaza. Na kamati nawaomba mapema: video ya salamu itumwe WhatsApp kama dokumenti, isitumwe kama video, ili isibanwe njiani. Nusu yao husahau.

## Sebuleni

Kazi haijaisha ikishatoka. Mama wa Kibosho hatazami kwenye kompyuta. Anatazama sebuleni, na wageni, kwenye televisheni yenye tundu la flashi, na ikigoma pale kwake ni wewe umegoma.

Televisheni nyingi za miaka ya nyuma hazisomi H.265, unapata sauti na kioo cheusi, au "faili halitambuliki". Na flashi nyingi za GB 32 kushuka chini ziko FAT32, kwa hiyo ukuta wa Himo unakusubiri sebuleni pia. exFAT, mfumo mwingine wa kupanga faili, wa mwaka 2006, haina ukuta huo, ila kuna televisheni zisizoijua kabisa. Ninatoa H.264, 1080, sauti ya AAC, bitireti ya megabiti 8 kwa sekunde. Saa moja inakuwa kama GB 3.6, inaingia chini ya ukuta. Harusi ikizidi saa, inakwenda sehemu mbili. Wapo wanaosema ubora unapungua. Kwenye ile televisheni, kutoka kwenye lile kochi, sijaona tofauti, na bado sijasikia bibi akilalamikia bitireti.

## Bei ya kutafuta

Bado kuna jambo sijalimaliza. Mjini kwetu watu wanalipia kuwekewa programu. Wanalipia ramu, wanalipia kubadilishiwa diski. Hakuna anayelipia kutafutiwa. Fundi akikaa na mashine yako mchana kutwa akakuambia "ni klipu hii, itoe", utamwona hajafanya kitu. Akikuuzia ramu kwa dakika kumi, amefanya kazi. Kwa mpango huo, hata mimi ningekuwa na duka ningeuza ramu.

Nimejaribu kutaja bei. Mtu akileta mashine, namwambia: kutafuta ni kiasi hiki, tupate tusipate. Wengine wamekubali. Jamaa mmoja wa Kiboriloni, ambaye yake ilikuwa inagomea sehemu tofauti kila mara, alicheka, akaichukua mashine yake akaipeleka kwingine. Wakamwambia ni ramu. Akanunua.

Wiki iliyopita akanitumia ujumbe: "Imepita kaka. Ilikuwa ramu kweli." Nikampongeza kwa dhati. Kisha nikashindwa kujizuia, nikamuuliza kama walipofungua mashine kuweka ramu walifanya kitu kingine.

"Walipuliza vumbi tu kwenye feni, lilikuwa limejaa kama godoro. Na wakapaka pesti mpya ya kupitisha joto kwenye prosesa. Hiyo hawakunichaji."